Mfuko Tumboni Haujanizuia Kuishi

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii, msomaji mpenzi, aghalabu tunaikumbuka tunapompita mlemavu njiani, kisha tunaenda zetu. Mimi sina nafasi ya kuisahau. Upande wa kushoto wa tumbo langu, chini kidogo ya kitovu, pana tundu, na juu ya tundu hilo nimebandika mfuko. Haja yangu kubwa huingia humo. Sina njia nyingine, na sitakuwa na nyingine hadi siku nitakayowekwa kaburini.

Usinihurumie. Nimeketi kuandika makala haya kwa sababu nina hakika kwamba miongoni mwenu mnaoyasoma baada ya chakula cha Jumapili yumo aliye na mfuko kama wangu, na hata ndugu zake hawajui. Yumo pia aliye na mzazi, mke au mtoto mwenye mfuko, na hajui amsaidieje. Na huenda yumo ambaye daktari amemwambia juma hili kwamba ni lazima atobolewe tumbo, naye ameapa kuwa ni heri afe. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwomba anisome hadi mwisho.

TUNDU LENYEWE

Madaktari huliita stoma, neno la Kigiriki lenye maana ya mdomo. Daktari huutoa utumbo nje kupitia ukuta wa tumbo, akaukunja ncha kidogo na kuushona kwenye ngozi. Tundu hilo ni jekundu na lina unyevunyevu kama ndani ya shavu lako. Ukiligusa haliumi. Shida yake ni kwamba halina msuli wa kufunga na kufungua, na kwa hivyo mwenyewe hawezi kujizuia. Kinachotoka hutoka kwa saa yake, uwe sokoni, kanisani au mezani na wageni. Ndipo mfuko unapohitajika.

Matundu hayafanani. Yale yanayotoka kwenye utumbo mpana, hasa upande wa kushoto, hutoa kinyesi kizito karibu kama cha kawaida. Yale ya utumbo mwembamba, ambayo huwa upande wa kulia, hutoa majimaji mchana na usiku, na mwenyewe hupoteza maji na chumvi nyingi asipokunywa vya kutosha. Liko pia tundu la mkojo kwa waliotolewa kibofu. Mengine ni ya muda tu: utumbo hupumzishwa kwa miezi kadhaa, kisha hurudishwa ndani na tundu likafungwa. Mengine, kama langu, ni ya kudumu.

Nawe usidhani hayo ni ya wazee peke yao. Homa ya matumbo inaweza kutoboa utumbo wa kijana wa shule. Utumbo unaweza kujisokota ghafla, maradhi ambayo katika nchi zetu huwapata wanaume kuliko wanawake. Iko ajali ya barabarani, kisu na risasi. Yuko mama anayechanika vibaya akijifungua. Wapo watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, nao hutobolewa tumbo wakiwa na siku chache tu duniani. Baadaye hutengenezewa njia yao, na hatimaye tundu hufungwa. Hospitali ya Kijabe, kule ukingoni mwa Bonde la Ufa, ni mojawapo ya zile zinazosifika kwa upasuaji huo wa watoto. Na iko saratani, ambayo ndiyo iliyonileta mimi hapa.

Kwa miezi minane niliona damu chooni. Katika zahanati niliyokwenda kwanza niliambiwa ni bawasiri, nikapewa dawa ya kupaka. Niliporudi nikapewa dawa ileile. Hakuna aliyevaa glavu akanipima ndani. Hatimaye choo kikawa chembamba kama kamba, nguo zikaanza kunipwaya, na mzee wangu akaniambia, "Mama watoto, kesho tunaenda Nairobi." Huko niliingizwa kamera, kipande cha nyama kikakatwa na kupimwa. Uvimbe ulikuwa mwisho kabisa wa utumbo mpana, mahali ambapo ukishakata hakubaki kitu cha kuunganisha. Nilipewa mionzi na dawa, halafu nikapasuliwa. Hiyo ilikuwa 2019.

Nikuombe jambo moja basi kabla hatujaendelea. Ukiona damu chooni kwa majuma kadhaa, au choo chako kikibadilika pasipo sababu, usitosheke kuambiwa ni bawasiri kwa kutazamwa usoni. Taka upimwe. Wewe uliye na miaka 30 pia unahusika.

MTUNGI WA MAMA

Ninaishi Kimuka, katika Kaunti ya Kajiado, nyuma ya milima ya Ngong, upande ule ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga mvua yao kwingine. Tukiinua macho tunaona mitambo ya upepo ikizunguka mlimani. Reli mpya nayo inapita huku ikielekea Suswa na Naivasha. Maji ya mfereji ndiyo hayajafika kwangu. Tunanunua ya malori, au yale yanayoletwa na punda kutoka visimani.

Msomaji wa mjini, wewe unayefungulia bomba, huenda usielewe mfuko una uhusiano gani na punda. Nitakueleza. Mtu asiye na mfuko akibanwa na ukame anaweza kuponea kwa maji kidogo sana. Mimi humwaga mfuko mara mbili au tatu kwa siku na kuusuza kila mara. Ngozi lazima ioshwe. Mfuko ukivuja usiku, basi shuka, nguo na godoro vinaningoja. Wakati wa ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020 na kutuandama hadi 2022, ng'ombe walikufa Kajiado hadi watu wakachoka kuhesabu mizoga. Katika nyumba yetu maji ya kusuza mfuko yalikuwa yakishindana na maji ya ndama. Wakati mwingine ndama alishinda.

Tulikaa kitako tukashauriana. Ikaamuliwa kwamba mtungi mmoja wa lita 20 uwekwe kando, ufunikwe, na asiuguse mtu hata akija mgeni wa heshima. Kitinda mimba wangu alichukua kaa la moto lililozimika akauandika "MAMA". Mtungi huo upo hadi leo. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na ya kutosha. Ninaiheshimu Katiba. Lakini siku zile haki yangu ilikuwa imeandikwa kwa makaa.

MISUMARI MIWILI

Choo chetu ni cha shimo, umbali wa hatua 30 kutoka mlangoni. Hebu fikiri: mkono mmoja unashikilia nguo isichafuke, wa pili unafungua mfuko, wa tatu unamimina maji, na usiku unahitaji wa nne wa kushika tochi. Mungu alitupa miwili. Isitoshe, kuchutama haifai, kwa sababu mfuko uko mbele. Majuma ya kwanza nilikuwa nikitoka chooni nikilia.

Mzee wangu hakusema neno. Jumamosi moja alichukua nyundo akapigilia misumari miwili ukutani, mmoja wa tochi na mmoja wa nguo. Akaweka ubao wa kutilia vifaa, na akaunda kigoda cha mbao chenye tundu katikati ili niketi. Kazi yote haikumaliza saa tatu. Ninakuambia kweli, msomaji, hakuna dawa niliyopewa hospitalini iliyonirudishia utu wangu kuliko misumari ile.

Kwa hivyo ninyi walimu wakuu, viongozi wa makanisa na misikiti, na wenye hoteli, hamhitaji mfadhili kutusaidia. Tupeni choo kimoja chenye komeo linalofunga, msumari ukutani, ndoo ya maji na pipa lenye kifuniko. Mwanafunzi mwenye mfuko anayekosa hivyo vinne huacha kula asubuhi ili asihitaji choo shuleni, kisha tunamlaumu kwamba anasinzia darasani.

Kuhusu kutupa, mfuko uliotumika usiutumbukize chooni, kwani utalijaza shimo upesi. Wala usiutupe jaani, mbwa watauburura hadi kwa jirani, na huku kwetu hata fisi hupita. Mwaga kilichomo chooni, usuze, uufunge kwa gazeti, kisha uuteketeze katika shimo la taka. Ndiyo, hata gazeti hili unalolisoma litafaa, lakini ulimalize kwanza.

BEI YA MFUKO

Zamani watu wenye matundu walijifunga matambara, mipira na hata vyombo vya chuma vilivyokazwa kwa mkanda. Mnamo 1954 muuguzi mmoja wa Denmark, Elise Sørensen, alimhurumia dada yake Thora aliyekuwa ametobolewa na hakuthubutu tena kutoka nje. Akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi inayonata ngozini. Mifuko tunayovaa leo ilitokana na huruma ya dada mtu.

Lakini huruma ilikwisha ilipofika dukani. Mimi nimewahi kulipa shilingi 350 kwa mfuko mmoja, na mwezi uliofuata nikalipa 800 kwa mwingine usioupita kwa lolote. Mfuko ungebadilishwa kila baada ya siku chache, na jua la Kajiado na jasho huulegeza mapema zaidi. Piga hesabu mwenyewe, kisha umfikirie mama anayeuza sukuma wiki. Wasioweza hujifunga majuala, vitambaa vya leso kuukuu na mikebe. Tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wengi tulifurahi kuona mitaa ikisafishika. Nani kati yetu alimkumbuka mtu ambaye juala lilikuwa ndilo choo chake?

Kinyesi kikigusa ngozi siku nzima, hasa kile cha utumbo mwembamba, huiunguza kama asidi. Ndiyo maana ninayasema haya niliyofunzwa na muuguzi. Pima tundu kwa karatasi, ukate gundi ilingane nalo sawasawa, kwa kuwa tundu husinyaa katika miezi ya kwanza. Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu na uikaushe. Usipake mafuta mahali pa gundi, hayatakubali inate. Mwaga mfuko ukifika theluthi, usingoje ujae. Badilisha asubuhi kabla ya chai, wakati utumbo bado umelala. Mifuko iweke mahali pa baridi, usiiache ndani ya gari juani. Aidha, kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, uliza bima yako italipia nini, na usiondoke kabla hujaweza kubadilisha mfuko kwa mikono yako mwenyewe.

CHAKULA NA SAFARI

Watu huniuliza kama bado ninakula ugali. Ninakula, tena na nyama ya mbuzi. Maharagwe, kabichi, vitunguu na soda huniletea hewa. Mayai na samaki huongeza harufu. Sikuviacha, ila sivili usiku wa kuamkia safari. Maziwa lala yamenisaidia, wali na ndizi hukaza choo. Mwenye tundu la utumbo mwembamba ajihadhari zaidi na mahindi ya kuchoma, githeri na njugu. Atafune sana, maana vinaweza kuziba. Naye akiharisha, anywe upesi maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo vya kliniki.

Ninapopanda matatu kwenda Ngong, mkanda wa kiti ninauvuta chini ya tundu. Katika mkoba sikosi mfuko mmoja uliokwisha kukatwa, karatasi za chooni, chupa ya maji na kanga. Kwa kuwa ninavyo, sijavihitaji njiani ila mara mbili.

Kuhusu harufu, nataka nikutoe wasiwasi. Mfuko mzuri ukiwa umenata sawasawa hautoi harufu. Ukiisikia, ujue umevuja au umefunguka, nawe unaweza kurekebisha. Sauti ndiyo haina dawa. Jumapili ya kwanza niliporudi kanisani, mchungaji alisema tuombe kimyakimya, na tumbo langu likachagua dakika hiyo kuunguruma. Mtoto aliyeketi mbele aligeuka akanitazama, kisha akaendelea kulamba peremende yake. Ulimwengu haukuanguka.

Ibada huwatatiza wengi. Mama mmoja Mwislamu tuliyekutana kliniki alikuwa ameacha kuswali akidhani hana tena twahara. Sheikh wake alimweleza kwamba mwenye udhuru wa namna hiyo hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, kisha akaswali hata kama kitu kinatoka. Alikuwa amekaa karibu mwaka mzima akijihukumu kwa jambo ambalo dini yake ilikwisha kulisamehe.

JICHO LA JIRANI

Nilipotoka hospitalini niliamua hakuna jirani atakayejua. Kimuka ni mahali padogo. Bibi mmoja wa Kimaasai, ambaye sote tunamwita Koko, alikuja na kibuyu cha maziwa, akaketi, akaniuliza bila kuzunguka.

"Mwanangu, nasikia wamekutoa matumbo nje. Ni kweli?"

"Ni kweli, Koko."

"Nionyeshe."

Nilimfungulia. Aliinama akatazama kwa makini, kama anayetazama ndama aliyezaliwa usiku.

"Nimeosha matumbo ya mbuzi tangu nikiwa msichana," akasema. "Likiwa na rangi hii, ni zima. Likiwa jeusi ndipo ungeogopa. Kunywa maziwa."

Baadaye nilimsimulia muuguzi maneno hayo, naye akaniambia kwamba Koko amepita mtihani: tundu likigeuka jeusi au la samawati, kimbilia hospitali. Tangu siku hiyo sikuficha tena, na ajabu ni kwamba nilipoacha kuficha, watu waliacha kunong'ona. Baada ya miezi michache mwanamume mmoja wa kijiji cha pili alimtuma mkewe kwangu usiku. Naye alikuwa na tundu, la muda, na kwa hofu ya kuchekwa alikuwa hajarudi kliniki kufungwa. Alirudi. Leo anachunga ng'ombe wake hana hata mfuko.

Ndoa nayo nisiiruke, kwani najua hilo ndilo swali usiloweza kuliuliza mbele ya watu. Ndiyo, inawezekana. Mwaga mfuko kabla ya kulala, ufunike kwa kitambaa kizuri, na muwe na subira ya wachumba. Waliopasuliwa mahali pa chini kama mimi wanaweza kupata maumivu au upungufu wa nguvu, na hayo huzungumzwa na daktari, hayafichwi. Nimewaona wake walioachwa na waume waliohamia chumba kingine. Tundu halikuwavunjia nyumba; mtu alivunja, akalisingizia tundu.

KWAKO ULIYEAPA

Sasa ninarudi kwako wewe uliyesema ni heri kufa. Nakuelewa. Nami nilimwambia daktari hivyo hivyo. Alinijibu kwamba kufa ni rahisi, kutahitaji nisifanye chochote tu. Akanitaka nikawaulize watoto wangu kwanza.

Huko Marekani aliishi mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Rolf Benirschke, mpigaji mateke wa San Diego. Aliugua utumbo mwaka wa 1979, akapasuliwa akiwa karibu na mauti, na mwaka uliofuata akarudi uwanjani akiwa na mfuko chini ya jezi, mbele ya maelfu ya watu. Tangu 1993 iko hata siku ya kimataifa ya watu wenye matundu, ambayo huadhimishwa mwezi wa Oktoba. Tuko wengi, ndugu yangu, ila nguo zinatusitiri.

Hutarudi kuwa ulivyokuwa. Utanunua mifuko kama wengine wanavyonunua mkate, na kuna usiku utakaoamka umelowa ukamlaani kila aliyekutibu. Lakini tangu nipasuliwe nimemwona kifungua mimba wangu akimaliza shule ya upili, nimempokea mjukuu, na mbuzi wangu wamezaa mara tatu. Yote hayo yangepita bila mimi.

Nenda katie sahihi. Nanyi jamaa zake, msikae mkimtazama kwa huruma. Tafuteni nyundo na misumari miwili, mjaze mtungi mmoja wa maji, muuandike jina lake.